Kufufua Datsun 240Z nyumbani: anza na sakafu, injini itangoja

Kabla hujatoa hata shilingi, beba vitu vitatu: sumaku iliyovikwa kitambaa, bisibisi kuukuu na tochi. Ukienda kutazama 240Z iliyolala uani kwa mtu miaka ishirini, muuzaji atakimbilia kufungua boneti akuonyeshe injini. Mshukuru, kisha ulale chali chini ya gari.

Injini ya gari hili, L24, ni chuma kigumu: silinda sita kwenye mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, kabureta mbili. Karibu kila mara inaokoleka. Kinachoziua 240Z ni kutu. Kinachofuata kwa kuua ni mwenye gari aliyefungua kila kitu kwa wiki mbili, kisha akakaa miaka kumi akitazama makopo ya nati asiyojua zilitoka wapi. Ninayoandika hapa yamepangwa kwa hofu ya mambo hayo mawili.

Gari lenyewe halihitaji kutambulishwa kwa waliokuwa wakisimama kando ya barabara kila Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari Rally wakiwa na 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akishirikiana na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, 1800 SSS. Ndiyo maana hadi leo ukitaja "Zedi" Mombasa au Nairobi, mtu wa makamo atakwambia mjomba wake alikuwa nayo. Baadhi ya wajomba hao bado wanazo, zimefunikwa turubai. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kwetu gari la kufufua ni lile lililobaki nchini. Kinachoagizwa nje ni vipuri.

Kabla ya kulipa

Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. 240Z ya usukani wa kulia huanza na HS30, ya kushoto HLS30. Linganisha na logbook tarakimu kwa tarakimu. Kama haziendani, au logbook ina jina la marehemu na mirathi haijaisha, rudi nyumbani. Gari lisilohamishika kwa jina lako ni pambo la uani.

Sasa kutu. Chesisi ya kujitegemea hapa hakuna. Bati za bodi zenyewe ndizo mifupa. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza. Bati zima lina mlio, bati lililooza linajibu kama kadibodi. Anza chini ya betri, mahali ambapo tindikali imekuwa ikidondoka nusu karne. Shuka kwenye sakafu ya pande zote mbili na reli mbili zinazopita chini yake. Kagua ukingo wa chini ya milango, kisha kile kipande kifupi cha bodi kati ya mlango na tairi la nyuma. Fungua mlango wa nyuma, toa zulia, tazama shimo la tairi la akiba na bati lililo chini ya sili ya mlango huo. Mwisho angalia chini ya kioo cha mbele: majani yakiziba njia za maji pale, maji hubaki humo na kuoza bati kutoka ndani, wala huyaoni mpaka yakulowanishe miguu.

Sumaku ni ya kusaka puti, ile ya mafundi rangi ya kuzibia mashimo ya bodi. Ipitishe kwenye madigadi na kona za chini. Ikianguka, hapo pana puti nene, na chini ya puti hakuna habari njema.

Sakafu yenye matundu isikutishe, hiyo tutaikata. Lakini kama reli za mbele zimeoza pale zinapobeba suspensheni, au bati la juu linaloshika shokapu limepasuka, tafuta gari jingine. Kazi hiyo inataka meza ya kunyooshea bodi, na gereji ya nyumbani haina.

Banda, stendi na mifuko

Mimi nilifanyia kazi kwenye banda la futi kumi kwa ishirini, nikipita kando ya gari kwa ubavu. Inatosha. Kisichotosha ni matofali. Nunua stendi nne za chuma na usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tofali la bloku hupasuka bila kuaga. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu na mlango, si nyuma ya gari ambako utalazimika kuuruka moto ili uufikie.

Kila kinachotoka kipigwe picha kikiwa bado kimefungwa, kisha kingine kikiwa nusu. Nati na bolti ziingie kwenye mfuko wa plastiki, na juu yake andika zimetoka wapi, ziko ngapi, na kama moja ilikuwa imekatika. Usiandike "mbalimbali". Mfuko wa "mbalimbali" ni kaburi.

Na kuna sheria moja ambayo wenye karakana kubwa wataicheka: usifungue mifumo miwili kwa wakati mmoja. Karakana huvua gari lote likabaki ganda kwa sababu ina mafundi sita na nafasi. Wewe una Jumamosi. Gari libaki kwenye magurudumu yake kadiri inavyowezekana, liweze kusukumwa nje mvua ikinyesha ndani au shemeji akitaka kuegesha.

Lianze kusimama

Gari linalosukumwa lazima lisimame, kwa hiyo breki zinatangulia. Mbele ni diski, nyuma ni ngoma. Usipulize vumbi la ngoma kwa kompresa. Pedi za zama zile zilikuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe kikiwa bado kimelowa.

Badilisha mpira wote: vikombe vya masta silinda, vya silinda za magurudumu, na mipira minne ya kupitisha mafuta. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani huku nje unaonekana mzima, ukikanyaga breki inashika, ukiachia haiachii. Wengi hubadilisha kalipa bure kwa kosa la kipande cha mpira. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, na usiyachanganye na yale ya silikoni ya DOT 5.

Kukata na kuchomelea

Hapa ndipo utakapomaliza nusu ya muda wako, nami sitaki kukudanganya.

Toa viti, zulia, na zile shuka za lami zilizobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Zitoe asubuhi mapema zikiwa baridi, kwa tindo butu. Jua likishapanda zinageuka ubani. Ondoa betri kabisa. Hakikisha hakuna mrija wa petroli unaopita chini ya mahali utakapochomelea, na tangi lisiwe kwenye gari siku hiyo.

Kama utakata ukingo wa chini ya mlango, kwanza chomelea vyuma viwili vya kushikilia ndani ya tundu la mlango, kimoja kikilala kutoka bawaba hadi kufuli, na gari likae sawa kwenye stendi huku mlango umeshapimwa kuwa unafunga vizuri. Ukikata bila kushikilia, bodi hulegea milimita chache, na ukimaliza kazi safi utagundua mlango haufungi.

Kata hadi ufike bati linalong'aa. Chonga kadibodi ya kufuata tundu, kisha bati la milimita 1 kwa sakafu, milimita 0.8 kwa bodi ya nje. Fundi mmoja kijana niliyemwita anisaidie alitazama tundu, akatazama jua.

"Ami, tupige bati juu kwa juu, nani ataona?"

"Maji yataona, mwanangu."

Na ni kweli. Bati juu ya bati linaacha ufa mwembamba katikati, chumvi ya bahari inaingia, na baada ya masika mawili kutu inarudi ikiwa na nyumba ya ghorofa.

Mashine ya vijiti itatoboa bati hili. Tafuta ya MIG yenye gesi na waya wa milimita 0.6. Piga nukta moja, ruka sentimita tatu au nne, piga nyingine, nenda upande wa pili. Weka kiganja kwenye bati: likikuchoma, subiri. Haraka hapa hulipindisha bati likawa kama chapati iliyovimba. Pwani kuna taabu nyingine, upepo wa bahari hupeperusha gesi na weldi inatoka na matundu kama sifongo. Zuia upepo kwa turubai upande mmoja tu, ili moshi upate pa kutokea.

Bati tupu Mombasa lisilale usiku. Nililiacha mara moja, na asubuhi lilikuwa limeshaota vumbi la rangi ya chungwa. Siku hiyohiyo uliyochomelea, safisha kwa thina, piga praima ya epoksi. Puti huja juu ya epoksi, nyembamba, kwa kulainisha tu. Ndani ya mashimo yaliyofungwa, reli na kingo za milango, nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu mpaka uione ikidondoka kwenye matundu ya maji.

Tangi

Lishushe. Ni la lita 60 hivi, na petroli ya miaka ishirini ndani yake hunuka kama rangi iliyokufa. Imwage, kisha lioshe tangi kwa maji ya sabuni mara kadhaa. Kisha tumia chumvi ya ndimu, ile ya unga inayouzwa dukani, iliyokorogwa kwenye maji ya moto. Lijaze tangi uliache hivyo usiku mmoja au miwili. Kutu itatoka kama chai ya rangi. Suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua tindikali, likaushe kwa upepo wa kompresa, na mimina mafuta kidogo ulizungushe pande zote lisiote kutu upya.

Likihitaji kuchomelewa, mpe mtu anayefanya matangi. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Injini: kabari ya mbao

Injini iliyokaa usiiamshe kwa ufunguo. Toa plagi sita, mimina kijiko cha oili kwenye kila silinda, uiache siku kadhaa. Kisha izungushe kwa spana kwenye bolti ya krenki, polepole. Ikizunguka, badilisha oili na filta, fungua kava ya juu umwagie kamshafti (mhimili unaofungua vali) oili kwa mkono, halafu izungushe kwa stata bila plagi hadi kipimo cha presha ya oili kiamke. Baada ya hapo pima kompresheni, plagi zote zikiwa nje na mlango wa hewa wa kabureta wazi. Karibu 170 psi ni afya njema, lakini namba za silinda zote sita kulingana kuna maana zaidi kuliko moja kuwa kubwa.

Kama hedi (kichwa cha injini) lazima itoke, nisikilize vizuri.

Cheni ya taimingi inashikiliwa na tenshona (kikaza cheni) yenye pistoni ndogo ya springi, iliyofichwa ndani ya kava ya mbele. Ukitoa sproketi (gurudumu la meno) ya kamshafti bila kuizuia cheni, cheni inalegea, pistoni inaruka nje na kuanguka chini. Nami nilifanya kosa hilo. Nilisikia *tik*, sauti ndogo kama kokoto ndani ya sufuria, nikasimama na spana mkononi nikijua kwamba kazi ya saa tatu imekuwa ya majuma matatu. Ili kuirudisha pistoni ile mahali pake inabidi kutoa rejeta, puli ya krenki, pampu ya maji, na kava yote ya mbele.

Kwa hiyo chonga kabari ya mti mgumu. Mimi nilitumia kipande cha mkoko. Iwe nyembamba chini, nene juu, ndefu kama sentimita 25, na uifunge kamba kwenye kichwa. Mti laini huacha vibanzi humo ndani. Iteremshe katikati ya pande mbili za cheni hadi ikaze, gonga kidogo kwa nyundo ya mpira, ndipo ufungue sproketi. Kabla ya hapo tia alama ya rangi kwenye kiungo cha cheni na jino la sproketi linalolingana nacho. Sproketi ina matundu matatu yaliyoandikwa 1, 2 na 3, ya kufidia cheni iliyorefuka. Rudisha kwenye lile ulilolikuta.

Bolti za hedi zinafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, na zipo za urefu wa aina mbili. Toboa kadibodi matundu kama yalivyo kwenye hedi, uzichomeke humo kwa mpangilio uleule. Weka rula ya chuma juu ya uso wa hedi na filageji (vibati vya kupimia mwanya) chini yake: ikipita ya milimita 0.1, hedi iende kuchongwa.

Ukirudisha, weka mwanya wa vali injini ikiwa baridi, milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutolea. Ikishapata moto pima tena: 0.25 na 0.30. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Uandike ukutani kwa chaki. Saa mbili usiku, waya sita mkononi, utanikumbuka.

Kabureta husikilizwa

Vijana wa leo wanataka kuchomeka kompyuta. Hizi Hitachi za 240Z zinataka kipande cha hosi. Zisafishe, badilisha gasketi, mimina oili nyepesi kwenye mirija ya juu, na anza kwa kushusha nati ya mchanganyiko mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Injini ikipata joto, toa filta ya hewa. Weka ncha moja ya hosi sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma. Utasikia mvumo. Rekebisha skrubu za mlango wa hewa hadi mivumo iwe sawa.

Halafu inua pistoni ya kabureta moja milimita moja hivi kwa bisibisi nyembamba. Injini ikipanda kidogo na kutulia, hapo sawa. Ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli ni chache. Ukiona mchanganyiko haushikiki hata ufanyeje, angalia kama hewa inapenya kwenye gasketi kabla ya kulaumu kabureta.

Umeme

Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani na kwenye boksi la fyuzi, ndiyo maana ukifungua boksi hilo utakuta plastiki imeyeyuka kando ya fyuzi za taa. Ongeza rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) karibu na taa ili swichi ibebe umeme mdogo tu. Utashangaa taa zilivyokuwa zikidhulumiwa. Kwanza kabisa, hata hivyo, fungua kila waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, piga msasa hadi chuma king'ae, funga tena. Nusu ya matatizo ya umeme ya gari la zamani huishia hapo.

Pini ya nyuma

Kila gurudumu la nyuma lina pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini wa suspensheni, na katikati inazuiwa na kipini kidogo chenye umbo la kabari. Kwenye magari ya pwani pini hii imeshikana na chuma kama ndugu. Toa kipini cha katikati kwanza, wengi husahau. Lowesha kwa mchanganyiko wa nusu mafuta ya gia ya otomatiki na nusu asetoni, kila jioni kwa wiki nzima. Usipige nyundo kwenye nyuzi za pini, pale nati inapofungwa, zitasambaa kama uyoga na pini haitapita tena. Tengeneza kifaa cha kuivuta kwa bomba, pete nene ya chuma (washa) na nati, uivute taratibu. Ikikataa, peleka mkono mzima kwa mwenye presi.

Rangi

Kazi ya msasa ifanye mwenyewe, rangi ya mwisho usiipige bandani. Rangi za vipakiti viwili, zinazochanganywa na kigumisho, zina isosayanati, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii kitu. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje. Lipeleke kwenye chumba cha rangi. Panga iwe wakati wa kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu, maana unyevu wa masika huacha rangi na ukungu mweupe. Watu watakushauri nyekundu na boneti nyeusi ya Safari. Angalia kwanza rangi iliyotoka nayo kiwandani: kama ni 920, ile ya dhahabu, unayo tayari rangi inayoitwa Safari Gold na huhitaji kuvaa jezi ya mtu mwingine.

Barabarani

Safari ya kwanza iwe ya kuzunguka mtaa, kizima moto kikiwa chini ya kiti. Ukisikia harufu ya moshi ndani, usikimbilie ekzosi. Mgongo wa gari hili huvuta moshi kurudi nyuma, unaingia kupitia sili ya mlango wa nyuma na gasketi za taa. Jifungie ndani usiku, mwenzako amulike tochi nje kuzunguka mlango. Unapoona mwanga, ndipo moshi unapopita.

Baada ya kilomita 500 badilisha oili, pima vali tena, kaza nati za suspensheni. Mvua kubwa ya kwanza ikikukuta njiani, ukifika nyumbani inua zulia la upande wa abiria uguse sakafu kwa kiganja.